Mvua Kubwa Nairobi: Utabiri Ulisema Nini Hasa?

Mwaka 2023 Wakenya walivurugwa na mvua hata kabla haijanyesha. Agosti, wataalamu wa ukanda huu walitangaza kwamba vuli, yaani Oktoba hadi Desemba, ilielekea kuwa na mvua nyingi kupita kawaida, huku El Nino ikizidi kupata nguvu katika Bahari ya Pasifiki. Mikutano ya maandalizi ikaanza. Oktoba, Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba ile El Nino ya kuangamiza iliyokuwa ikitarajiwa haiji tena. Watu wakashusha pumzi. Novemba ikaja na gharika: Mandera, Garissa, Tana River, Mombasa. Barabara zikakatika, mifugo ikasombwa, na zaidi ya watu 100 wakawa wamekufa kabla ya mwaka kwisha. Kisha masika ya 2024 yakaleta makubwa zaidi, safari hii hadi milangoni mwa wakazi wa Nairobi.

Tangu hapo, mawingu yakitanda na matatu ikakwama kwenye maji, hukosi kusikia abiria akisema kwamba watu wa hali ya hewa wanabahatisha tu. Hasira hiyo naielewa, maana watu walizika ndugu zao. Ila nadhani imeelekezwa pasipo pake. Tunapokea taarifa za aina tatu, kila moja ikijibu swali lake, kisha tunazisoma zote kama jibu moja. Kuna mtazamo wa msimu unaotolewa kabla ya mvua kuanza. Kuna utabiri wa siku tano au saba. Na kuna tahadhari ya mvua kubwa inayohusu siku chache na kaunti zilizotajwa. Anayeuliza mtazamo wa msimu kama kesho Mathare itafurika ni lazima avunjike moyo, na anayesubiri tahadhari ya saa chache ndipo azibue mtaro wake ameshachelewa.

Kinachosemwa na mtazamo wa msimu

Mara tatu kwa mwaka wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na majirani zake hukutana chini ya ICPAC, kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za ukanda huu, ambacho makao yake yako Ngong, mwendo mfupi kutoka Nairobi. Kongamano hilo lilianza mwaka 1998, wakati maji ya El Nino ya 1997 yalikuwa bado hayajakauka vizuri. Baada ya kukubaliana kuhusu ukanda mzima, kila nchi huenda kutengeneza ramani yake. Hapa kwetu kazi hiyo hufanywa na Idara ya Hali ya Hewa, iliyoko Dagoretti Corner.

Ramani za kongamano hilo kwa miaka mingi zilikuwa na visanduku vidogo, kila kimoja kikiwa na namba tatu zilizopandiana. Kwa mfano: 45 juu, 35 katikati, 20 chini. Ukizielewa namba hizo umeelewa karibu kila kitu kuhusu mtazamo wa msimu, kwa hiyo tuzitazame kwa makini.

Chukua vuli 30, kuanzia 1991 hadi 2020. Zipange kwa kiasi cha mvua, kuanzia iliyokauka kuliko zote hadi iliyonyesha kuliko zote. Sasa zigawe mafungu matatu ya vuli kumi kumi: fungu la mvua haba, fungu la wastani, fungu la mvua nyingi. Kama hujui lolote kuhusu mwaka unaokuja, kila fungu lina nafasi sawa, asilimia 33 na kidogo. Mtaalamu akitazama bahari na kompyuta zake akaandika 45, 35, 20, anasema kwamba nafasi ya vuli hii kuangukia fungu la mvua nyingi imepanda kutoka 33 hadi 45. Nafasi ya ukame nayo imeshuka hadi 20. Imeshuka, lakini ipo: katika kila misimu mitano yenye utabiri kama huo, kwa wastani mmoja utakauka, na utabiri utakuwa haujakosea hata chembe.

Magazeti hubeba ile 45 peke yake na kuandika kwamba mvua kubwa inakuja. Ile 20 huachwa chumba cha habari. Mkulima wa Makueni anayeamua kukopa pesa za mbegu angehitaji kuiona.

Jambo la pili ni kwamba namba hizo zinahusu jumla ya miezi mitatu. Hazisemi mvua itagawanyika vipi. Msimu unaweza kuitwa wa kawaida kwenye hesabu, wakati karibu nusu ya maji yake yalimwagika ndani ya siku kumi na kubomoa madaraja. Idara yetu huhesabu mvua kuwa ya kawaida ikiwa kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa miaka mingi, na ndani ya pengo hilo mna nafasi ya kutosha kwa usiku mmoja wa balaa.

Pamoja na hayo yote, mtazamo wa vuli katika Afrika Mashariki ni miongoni mwa tabiri za msimu zinazotegemeka zaidi katika nchi za joto. Kuanzia Oktoba 2020 hadi Desemba 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilifeli kaskazini na mashariki mwa Kenya, na vuli za kipindi hicho zilionywa mapema kuwa zingekuwa kavu. Wafugaji walipoteza mifugo kwa mamilioni katika ukanda huu licha ya maonyo hayo. Hapo ndipo mtu anapoona kwamba utabiri kuwa sahihi na watu kusaidika ni mambo mawili.

Bahari mbili, na ile tunayoisahau

Nguvu ya mtazamo wa vuli inatoka baharini. Maji hupata joto polepole na hupoa polepole, kwa hiyo hali ya bahari ya Agosti inakupa habari za Novemba, jambo ambalo anga haiwezi.

El Nino sote tunaijua: maji ya Pasifiki ya kati na mashariki, huko kuelekea pwani ya Peru, yanapata joto kupita kawaida, na mzunguko wa hewa wa dunia nzima unayumba. Lakini bahari inayotugusa kwa karibu ni yetu wenyewe, Bahari ya Hindi. Kwa kawaida pepo za ikweta husukuma maji ya joto kuelekea Indonesia. Miaka mingine pepo hizo hugeuka, maji ya joto yakarudi upande wa Afrika, na bahari karibu na Sumatra ikapoa. Hewa yenye unyevu hupanda juu yetu, ikashuka kavu kule. Wanasayansi huita hali hiyo dipoli chanya ya Bahari ya Hindi. Maelezo yake kamili yalichapishwa mwaka 1999 tu, na hili linashangaza ukikumbuka lilikuwa limetupiga miaka miwili tu kabla, na tukailaumu Pasifiki peke yake.

Tuanze nyuma zaidi. Mwishoni mwa 1961, Kenya ikiwa bado koloni na ofisi kuu ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ikiwa hapa hapa Nairobi, mvua ilianza Oktoba na haikukata hadi mwaka mpya. Wazee waliiita mafuriko ya Uhuru. Ziwa Victoria lilianza kupanda, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda kwa takriban mita mbili na nusu. Kiwango kilichofikiwa Jinja mwaka huo, mita 13.41 kwenye kipimo cha pale, hakikuvunjwa hadi Mei 2020, ziwa liliposoma 13.42. Na mwaka 1961 hapakuwa na El Nino Pasifiki. Ilikuwa kazi ya Bahari ya Hindi.

Mwaka 1997 bahari zote mbili zilishikana mikono. El Nino ilikuwa ya nguvu mno na dipoli nayo ikawa ya nguvu. Mvua ilinyesha kuanzia Oktoba 1997 hadi mwanzoni mwa 1998, ikipita katikati ya Januari, mwezi ambao Nairobi huwa na jua kali. Barabara ya Mombasa ilikatika. Garissa na kusini mwa Somalia, maji yaliyotuama yalizaa mbu, mbu wakaeneza homa ya Bonde la Ufa, na watu na mifugo wakafa. Aliyekuwa mtu mzima wakati huo hahitaji kuelezwa.

Ndiyo maana mwaka 2015, El Nino yenye ukubwa wa kulingana na ile ya 1997 ilipotangazwa, nchi nzima ilijiandaa kwa gharika ile ile. Mvua ilinyesha, baadhi ya maeneo yakafurika, lakini balaa la 1997 halikurudi. Tofauti kubwa ilikuwa hapa jirani: mwaka huo dipoli haikufikia hata karibu na nguvu za 1997. Raia wengi walichojifunza ni kwamba walidanganywa. Somo lenyewe lilikuwa kwamba tusitazame bahari moja tu.

Kisha 2019 ikaja na kinyume chake kabisa. Pasifiki ilikuwa imetulia, hakuna aliyezungumzia El Nino, lakini dipoli ilikuwa mojawapo ya kali kuliko zote zilizowahi kupimwa. Vuli ile ilikuwa miongoni mwa zilizonyesha zaidi kwa miongo. Usiku wa kuamkia Novemba 23 milima ya Pokot Magharibi iliporomoka na kufukia vijiji. Makumi ya watu walikufa usingizini. Upande wa pili wa bahari hiyo hiyo, Australia ilikuwa inateketea kwa moto wa msituni. Na nzige wa jangwani waliovamia Kenya mwishoni mwa mwaka huo walikuwa wamezaliana katika jangwa la Arabuni lililoloweshwa na vimbunga viwili vya 2018, Mekunu na Luban, wakapata malisho mapya katika Pembe ya Afrika iliyokuwa imelowa.

Kwa hiyo mtu akikuuliza mwezi wa Septemba kama El Nino inakuja, mwulize naye: Bahari ya Hindi inasemaje?

Masika ni mambo mengine

Haya yote yanahusu vuli. Masika, Machi hadi Mei, ndiyo yanayoleta maji mengi zaidi Nairobi, na ndiyo magumu zaidi kutabiri. Wataalamu hawafichi jambo hili. El Nino na dipoli huwa zimedhoofika ifikapo Machi, na msimu huendeshwa na mambo yanayobadilika ndani ya wiki.

Moja ni mkondo mkubwa wa mawingu unaozunguka ukanda wa ikweta kuelekea mashariki, ukikamilisha safari yake kwa siku 30 hadi 60. Roland Madden na Paul Julian waliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1971, na hadi leo unabeba majina yao. Ukiwa juu ya Bahari ya Hindi, nyanda za juu za Kenya hupata mvua kubwa kwa wiki moja au mbili. Ukihamia Pasifiki, tunakauka katikati ya msimu na watu wanaanza kusema mvua imeisha.

Jambo jingine ni vimbunga. Nairobi haiwezi kupigwa na kimbunga cha bahari. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ikweta iko karibu mno: kimbunga kinahitaji msokoto unaotokana na mzunguko wa dunia, na msokoto huo ni hafifu mno ndani ya nyuzi tano hivi za ikweta. Mombasa yenyewe iko nyuzi nne tu kusini. Lakini kimbunga kilicho mbali kinaweza kutunyeshea au kutunyima, kutegemea kimekaa wapi. Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilikuwa mashariki mwa Madagascar. Pepo za magharibi zenye unyevu wa misitu ya Kongo zikavutwa kupitia Uganda na Kenya, na masika ya mwaka huo yakawa ya mafuriko. Ndiyo masika ambayo bwawa la Solai, Nakuru, lilipasuka usiku wa Mei 9 na kuua zaidi ya watu 40. Mwaka uliofuata, kimbunga Idai kilikaa katika mlango wa bahari wa Msumbiji, kikapiga Beira usiku wa Machi 14, 2019, na kuua zaidi ya watu 1,000 katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Huku kwetu Machi hiyo ilikuwa kavu na masika yakachelewa, unyevu ukiwa umevutwa kusini.

Na isidhaniwe kwamba pwani yetu ya Waswahili iko salama daima. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikazamisha majahazi na meli bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba iliponea kwa kiasi kikubwa, na kuanzia hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Aprili 1952 kingine kilitua Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na baadaye mwezi huo huo Ialy ikapita karibu na pwani ya Kenya na kuleta upepo na mawimbi makali. Ni nadra, lakini kumbukumbu ya wavuvi wa Lamu na Kilwa ni fupi kuliko miaka inayopita kati ya kimbunga na kimbunga, na hilo linanitia hofu.

Kutoka msimu hadi saa

Twende kwenye taarifa ya tatu, ile inayookoa maisha: tahadhari ya mvua kubwa. Idara ya Hali ya Hewa huitoa ikionyesha tarehe na saa ya kuanza, saa ya kuisha, kaunti zinazohusika, kiwango, na uwezekano. Kiwango huandikwa kama mvua inayozidi milimita 20 au 30 katika saa 24. Upepo mkali huanza kuhesabiwa unapopita kilomita 46 hivi kwa saa. Uwezekano huandikwa kwa asilimia, na unapopita 66 huchukuliwa kuwa mkubwa.

Milimita 30 husikika kama kitu kidogo. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita mraba. Paa la mabati la mita tatu kwa tatu, chumba cha kawaida cha Mukuru, likipokea milimita 30 linamwaga lita 270 mlangoni. Kilomita moja mraba inapokea mita za ujazo 30,000, na Nairobi ina karibu kilomita mraba 700. Maji yote hayo yakipewa siku nzima, ardhi na mitaro hujitahidi. Yakimwagika ndani ya saa moja jioni, hali ni nyingine kabisa, lakini kwenye daftari itaandikwa milimita 30 zile zile.

Na daftari lenyewe lina utaratibu unaopaswa kujulikana. Kipimamvua cha kituo ni chombo cha mviringo, mdomo wake upana wa inchi tano, kimesimamishwa mahali peupe mbali na miti na kuta. Mwangalizi huja saa tatu asubuhi, hutoa chupa ya ndani, humimina maji katika gilasi nyembamba yenye mistari, huinama hadi jicho lilingane na uso wa maji, kisha huandika. Mvua iliyokunyea jana jioni ukitoka kazini inahesabiwa kwenye kipimo cha leo asubuhi. Ndiyo maana mtu huona takwimu ya siku na kubisha kwamba siku ile ilikuwa jua.

Sababu nyingine ya ubishi ni kwamba kituo kimoja hakisemi kwa niaba ya mji. Dagoretti, upande wa magharibi ulioinuka, hupata mvua nyingi zaidi kwa mwaka kuliko uwanja wa ndege wa JKIA, ingawa ni mji mmoja. Wingu la ngurumo lina upana wa kilomita chache na mara nyingi huzaliwa, hunyesha na kufa ndani ya saa moja au mbili. Westlands wanakimbilia vibandani, Donholm wanaanika nguo. Kompyuta za utabiri zinaweza kuona tangu juzi kwamba hewa ya leo ni nzito na itapasuka alasiri. Ni kama sufuria iliyo motoni, unajua itachemka, lakini huwezi kusema povu la kwanza litatokea upande gani. Rada ndiyo chombo cha kulifuatilia wingu kama hilo dakika kwa dakika, na rada za hali ya hewa ni chache mno katika Afrika Mashariki. Setilaiti inatuma picha kila baada ya dakika 10 hadi 15, nayo inasaidia, lakini inaona kichwa cha wingu, haioni kinachoanguka chini yake.

Mvua ya mawe ni ngumu zaidi hata kuliko hiyo. Milima ya Kericho na Nandi, kwenye majani chai, ni kati ya sehemu zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani; na Septemba 2008 mawe yalifunika mteremko mzima pale Busara karibu na Nyahururu, watu wakafika kushika barafu kwa mikono. Hakuna tahadhari iliyoweza kuutaja mteremko ule.

Mvua ya Kikuyu, mafuriko ya Mathare

Sasa tufike kwenye jambo ambalo utabiri wa mvua peke yake hauwezi kulijibu. Mvua si mafuriko. Mafuriko ni mvua, pamoja na udongo, mteremko, mtaro, na mahali ambapo mtu amelazimika kujenga.

Nairobi inainama kutoka magharibi kwenda mashariki. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu; mito mingine ya mji nayo inateremka kutoka upande huo wa juu. Maji yakifika katikati ya mji hukuta lami, sakafu na paa, kisha huteremka hadi tambarare za mashariki na kusini zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba ukilowa. Ukishavimba haunywi tena. Ndiyo maana South C na Embakasi hutuama hata kwa mvua ambayo Kabete ingeimeza.

Mkazi wa bondeni Mathare anaweza kulala chini ya anga lenye nyota na kuamshwa na mto. Kwanza ni sauti, kisha harufu ya taka na mafuta, kisha maji chini ya kitanda, na wakati huo mlango wa mabati umeshaanza kusukumwa kutoka nje. Usiku wa kuamkia Aprili 24, 2024 hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa familia nyingi za Mathare na Mukuru. Mvua ya wiki kadhaa ilikuwa imeshaloweka udongo, na mtazamo wa msimu ulikuwa umeegemea upande wa mvua nyingi katika sehemu kubwa ya ukanda. Siku tano baadaye, alfajiri ya Aprili 29, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli huko Old Kijabe, kalavati likiwa limeziba kwa magogo na taka, yalivunja na kushuka Mai Mahiu. Zaidi ya watu 50 walikufa. Hakuna kipimamvua kinachoweza kutabiri kalavati lililoziba. Hilo lilihitaji mtu wa kwenda kulitazama.

Hadi masika hayo yanakwisha, karibu watu 300 walikuwa wamekufa nchini. Shule zilichelewa kufunguliwa hadi Mei 13. Serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, kisha tingatinga zikaja Mathare na kubomoa nyumba za watu ambao maji yalikuwa yameshawabomolea. Nakubali kwamba ukingo wa mto si mahali pa kuishi. Nakubali pia kwamba anayeishi pale hakuchagua mandhari. Alichagua kodi anayoimudu karibu na kibarua chake, na kumhamisha usiku mmoja bila mahali pa kwenda si mpango wa kukabili mafuriko. Tulishaonywa mapema: Aprili 29, 2016, kufuatia mvua kubwa, jengo la ghorofa lililokuwa karibu na mto, mtaani Huruma, lilianguka na kuua watu wapatao 50. Jengo lile nalo lilikuwa na wapangaji waliotafuta kodi nafuu.

Namna ya kuitumia taarifa

Mtazamo wa vuli hutoka mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Wa masika hutoka Februari. Huo ni wakati wa kazi za polepole: kuzibua mitaro, kukagua makalavati, kuimarisha kuta, kamati ya shule kujua watoto watapitia njia gani daraja likienda. Namba ikiegemea upande wa mvua nyingi, hata kwa 45 tu, gharama ya kuzibua mtaro ni ndogo mno kiasi kwamba kungoja uhakika ni hasara. Mwenye kununua mbegu za shamba zima ana hesabu tofauti, na ni haki yake kuuliza ile namba ya chini.

Utabiri wa wiki ni wa kupanga safari, mazishi, harusi, kumwaga zege. Tahadhari ni ya usiku huu. Ukiipata, tazama mambo matatu kabla ya kuisambaza kwenye kikundi cha WhatsApp: tarehe yake, maana tahadhari za mwaka juzi huzunguka kila masika, kaunti zilizotajwa, na saa inayoanza. Kisha, ikiwa unaishi bondeni Nairobi, jali zaidi mvua ya Kikuyu, Limuru na Kabete kuliko ile iliyo juu ya paa lako. Mwenyekiti wa nyumba kumi aliye Mukuru akiwa na namba ya simu ya mtu mmoja tu huko juu anayeweza kumwambia saa nne usiku kwamba mto umebadilika rangi, ana kitu ambacho setilaiti haimpi.

Kuna pengo moja ambalo linaniuma. Tahadhari nyingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kwa lugha ya asilimia na vipimo, na hadi zinamfikia mama mboga wa Kiambiu zimepitia midomo mingi na kugeuka kuwa "wamesema itanyesha sana". Lakini kila kaunti, Nairobi ikiwemo, ina mkurugenzi wake wa hali ya hewa, na kazi ya ofisi hiyo ni pamoja na kuuteremsha utabiri hadi ngazi ya mtaa. Chifu anaweza kumwalika barazani mwezi Februari, kabla masika hayajaanza. Wakazi wamwombe aweke ramani mezani, awaonyeshe namba zote tatu, na awaambie kwa Kiswahili ni mto gani unaojaa kwanza na maji yake huchukua muda gani kutoka juu hadi kwao.